Ureno, mto Ruvuma na Vita Kuu: taifa lililokaa pembeni lilivyojikuta vitani

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono azimio. Mjadala uliofuata, vijiweni na redioni, ulichanganya mambo matatu yasiyofanana. Kujizuia kupiga kura ni msimamo wa kidiplomasia wa siku moja. Kutofungamana na upande wowote ni sera, na nchi huweza kuifuata hata dunia ikiwa na amani. Kutoegemea upande wakati wa vita ni hali ya kisheria. Ina haki na ina wajibu, na mikataba ya The Hague ya 1907 iliuorodhesha: ardhi ya nchi hiyo haiguswi, lakini nayo hairuhusu majeshi ya wapiganaji kupita kwake, wala manowari zao kujibanza bandarini mwake zaidi ya muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni saa 24.

Basi nchi iliyokaa pembeni huingiaje vitani? Wengi hutaja Marekani ya 1917, nyambizi za Kijerumani na simu ya maandishi ya Zimmermann. Huo ni mfano wa taifa kubwa lililoweza kujichagulia saa ya kuingia. Ubelgiji haikuchagua lolote; Wajerumani waliivamia tarehe 4 Agosti 1914, ingawa madola makubwa, Prussia ikiwemo, yalikuwa yameapa tangu 1839 kutoigusa. Italia ilikaa pembeni ikisikiliza nani anatoa dau kubwa, kisha ikasaini mkataba wa siri mjini London mwezi Aprili 1915. Kwa msomaji wa nchi ndogo, mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni Ureno: taifa maskini, lenye rafiki mkubwa asiyeaminika na makoloni lisiyoweza kuyalinda. Tena nusu ya habari zake zilitokea ukingoni mwa Ruvuma, ingawa shuleni vita vile tumevizoea kama ugomvi wa Mjerumani na Mwingereza.

Wala vita wala amani

Jamhuri ya Ureno ilikuwa na umri wa karibu miaka minne vita vilipoanza. Mfalme Manuel wa Pili aliondolewa Oktoba 1910, na wafuasi wa ufalme, wakiongozwa na Paiva Couceiro, walijaribu mara mbili, 1911 na 1912, kuirudisha enzi kwa silaha wakitokea Hispania. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 6. Ngano haikuwatosha, na makaa ya mawe waliyaagiza Uingereza.

Uhusiano na Uingereza ulikuwa wa kale, tangu mkataba wa Windsor wa 1386. Lakini rafiki huyohuyo, mwaka 1898 na tena 1913, alikaa na Berlin kujadili namna ya kugawana Angola na Msumbiji iwapo Lisbon ingezidiwa na madeni. Makubaliano ya 1913 hayakuwahi kuidhinishwa, vita vikayafuta. Hata hivyo mabenki ya Kijerumani yalikuwa yameshanunua hisa nyingi za Kampuni ya Niassa, iliyotawala Msumbiji ya kaskazini kuanzia mto Lúrio hadi Ruvuma. Aliyekuwa Lisbon mwaka 1914 alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba makoloni yake yalikuwa mezani, na kwamba mmoja wa walaji alikuwa mshirika wake.

Vita vilipolipuka, London iliitaka Ureno isitangaze vita, na pia isitangaze kwamba haiegemei upande. Serikali ya Bernardino Machado ikakubali. Tarehe 7 Agosti 1914 ililieleza Bunge kwamba nchi itatimiza wajibu wake wa ushirika, bila kusema wajibu huo ni upi. Kwa Uingereza hali hiyo ilikuwa nafuu tupu: bandari za Ureno zilibaki wazi kwake, na yeye hakulazimika kumlinda mtu. Kwa Ureno ilikuwa hasara ya pande mbili. Ilibeba lawama za mshirika bila kupata dhamana ya mshirika, na iliacha kinga ambayo sheria humpa aliyejitenga waziwazi. Majeshi ya Uingereza yaliruhusiwa kupita Msumbiji kuelekea Nyasaland. Maelfu ya bunduki yalikwenda Afrika Kusini. Balozi wa Ujerumani alibaki Lisbon akiandika malalamiko yake.

Damu kabla ya tamko

Huko Afrika, watu hawakusubiri makaratasi. Usiku mmoja mwishoni mwa Agosti 1914, kikosi kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani kilivuka Ruvuma na kukishambulia kituo cha Maziúa. Mkuu wa kituo aliuawa pamoja na askari wake Waafrika. Oktoba mwaka huohuo, maofisa wa Kijerumani kutoka Afrika ya Kusini Magharibi waliuawa huko Naulila, kusini mwa Angola, katika mkutano ulioharibika kwa kutoelewana. Wajerumani walilipiza, na tarehe 18 Desemba waliishinda vibaya ngome ya Wareno. Baada ya hapo wenyeji wa kusini mwa Angola, waliokuwa wakiingoja nafasi hiyo kwa miaka, waliinuka dhidi ya mtawala aliyeonekana amelegea.

Kesi ya Naulila ilifika kwenye baraza la usuluhishi, nalo likatoa hukumu mwaka 1928. Hadi leo wanasheria huitaja wanapojadili mipaka ya kulipiza kisasi, kwa sababu Ujerumani ilionekana ina hatia: kisasi chake kilizidi mno kosa lililodaiwa, na kilifanywa dhidi ya nchi ambayo rasmi haikuwa vitani. Yaani ile hali isiyo na jina, iliyoigharimu Ureno sana mwaka 1914, iliisaidia mahakamani miaka 14 baadaye.

Na haki lazima isemwe: hakuna aliyefanikiwa kuiweka Afrika pembeni. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wa kuyatenga makoloni ya bonde la Kongo, pamoja na Afrika Mashariki, na vita vya Ulaya. Ubelgiji ilitaka Kongo isiguswe. Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, Heinrich Schnee, naye alipendelea koloni lake lisipigane. Lakini tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Uingereza, Astraea, iliupiga mizinga mnara wa redio wa Dar es Salaam, na kabla mwezi haujaisha boti ya Kijerumani iliishambulia bandari ya Lukuga, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 wanajeshi wa Kongo ya Kibelgiji walikuwa Kigali, kisha Tabora, na amani iliporudi Rwanda na Burundi zikabaki mikononi mwa Ubelgiji. Nchi iliyoomba Kongo yake iachwe nje ya vita ilitoka na nchi mbili zaidi.

Meli za mto Tejo

Kilichokata kamba ni meli. Tangu Agosti 1914, meli za Ujerumani na Austria-Hungaria zipatazo 70 zilikuwa zimejificha katika bandari za Ureno, kuanzia Lisbon, Azores na Madeira hadi Angola, Msumbiji na Goa. Kufikia mwanzo wa 1916 Uingereza ilikuwa ikihangaika kwa upungufu wa meli za mizigo, na Ureno yenyewe ilizihitaji ili watu wake wapate mkate. London iliziomba. Lisbon ikajibu kwamba itazichukua, ila kwa sharti moja: ombi litolewe kwa jina la ushirika wa kale. Hapo ndipo wanasiasa wa Lisbon walipoonyesha ufundi. Walitaka isionekane kwamba wamechokoza kwa hiari yao, bali kwamba rafiki amewaita.

Ombi hilo lilifika katikati ya Februari. Tarehe 23 Februari 1916 kamanda Leote do Rego alizishika meli zilizokuwa kwenye mto Tejo, Lisbon, na kupandisha bendera ya Ureno. Nyingi za meli hizo baadaye ziliishia kuwahudumia Waingereza. Ujerumani ilidai kwamba mkataba wa biashara kati ya nchi hizo mbili uliitaka fidia ipatanwe kwanza, na kwamba Ureno imejigeuza kibaraka wa Uingereza. Tarehe 9 Machi ikatangaza vita.

Nani basi aliingia vitani? Kwa karatasi, ni Ujerumani iliyotangaza. Kwa vitendo, Lisbon ilijua jibu kabla ya kutuma mabaharia. Hata balozi wake mjini Berlin, Sidónio Pais, mtu ambaye hakuipenda sera hii, aliondoka akijua kilichofanyika. Tutakutana naye tena.

Waliotaka vita

Chama cha Democratic cha Afonso Costa ndicho kilichoongoza kambi ya vita, na hoja zake zilikuwa tatu, zikiwa na uzito tofauti. Ya makoloni ndiyo iliyosemwa sana: asiyekaa mezani siku ya amani ataliwa. Hoja hiyo ilikuwa na msingi, ukizingatia mazungumzo ya 1898 na 1913. Udhaifu wake ni kwamba makoloni yalilindwa zaidi na wivu wa madola makubwa kuliko na askari wa Ureno, na Ujerumani ikishindwa ingeondoka Afrika, Ureno iwepo isiwepo.

Hoja ya pili ilikuwa ushirika na Uingereza, na hofu ya Hispania nyuma yake. Iwapo London ingezoea kupata msaada wa Madrid, Lisbon ingebaki bila mlinzi. Lakini kwa muda mrefu Waingereza wenyewe hawakuwataka Wareno uwanjani. Jeshi la kulisha, kuvika na kusafirisha kwa meli ambazo hazipo lilikuwa kwao mzigo zaidi ya msaada.

Ya tatu haikusemwa sana hadharani, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa injini. Jamhuri ilikuwa haijakubalika. Wakulima wa kaskazini, maaskofu, maofisa wengi wa jeshi na wafanyakazi wa Lisbon, kila kundi lilikuwa na kinyongo chake. Vita vya taifa zima, bendera na wimbo mmoja, vingeigeuza serikali ya chama kuwa serikali ya nchi. Ndiyo sababu Costa na waziri wake wa vita, Norton de Matos, hawakuridhika na Ruvuma wala Angola. Walitaka askari wao waonekane Ufaransa, penye macho ya dunia. Mwanahistoria Nuno Severiano Teixeira ameieleza hoja hii vizuri, na ratiba ya matukio inamuunga mkono: kama lengo lingekuwa makoloni tu, wanajeshi wapatao 55,000 hawangepelekwa Flanders.

Waliopinga

Waliopinga hawakuwa kambi moja, na hapo ndipo waliposhindwa. Manuel Brito Camacho na chama chake cha Unionist walikubali ushirika na Uingereza, wakakubali kulinda makoloni, ila wakakataa kwenda Ulaya. Ilikuwa hoja ya kiasi, yenye hesabu, na huo ndio uliokuwa udhaifu wake kisiasa: haikumpa mtu bendera ya kupeperusha. Wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi walipinga vita vyote kwa misingi yao. Wafuasi wa ufalme waligawanyika. Wengine waliihusudu Ujerumani, wakati mfalme wao, akiwa uhamishoni Uingereza, aliunga mkono Waingereza. Jenerali Pimenta de Castro aliposhika serikali Januari 1915, alipunguza kasi ya kuelekea vitani. Aliondolewa kwa mapinduzi ya damu tarehe 14 Mei mwaka huohuo. Tangu siku hiyo njia ya vita ilikuwa wazi.

Pengo kubwa la hoja za wapinzani ni kwamba hawakueleza wangezifanya nini zile meli. Uholanzi ilikaa pembeni vita vyote, lakini Machi 1918 Marekani na Uingereza zilizichukua kwa nguvu meli zake zilizokuwa bandarini mwao. Nchi inayopata makaa na ngano kwa njia ya bahari inayolindwa na dola moja haina uhuru kamili wa kulikatalia dola hilo. Ureno ingekataa ombi la Februari 1916, ingetafuta wapi ngano ya mwezi wa Aprili?

Kusini mwa Ruvuma

Mwanzo ulipendeza. Tarehe 10 Aprili 1916 Wareno waliingia Kionga, kipande kidogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikikalia tangu 1894. Mwezi Mei walijaribu kuvuka mto, wakarudishwa na bunduki za rashasha. Septemba, chini ya Jenerali Ferreira Gil, walivuka, na Oktoba wakaitwaa Newala. Wajerumani wakawazingira, na kufikia mwisho wa Novemba Wareno walikuwa wamerudi kusini ya mto, wakiacha silaha na shehena nyuma. Askari waliotoka Ulaya waliuawa na malaria na kuhara wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Viongozi wa Lisbon walitaka ushindi wa haraka wa kusomwa magazetini, na waliwatuma watu wasiozoea nchi ile bila dawa za kutosha.

Kisha ikaja tarehe 25 Novemba 1917. Kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, akibanwa na Waingereza na kuishiwa risasi na chakula, alivuka Ruvuma karibu na Ngomano akiwa na Wajerumani wapatao 300 na askari Waafrika wapatao 1,700, mbali na wapagazi na familia zilizowafuata. Kambi ya Wareno ilianguka siku hiyohiyo, na kamanda wake, Meja Teixeira Pinto, aliuawa. Wajerumani walipata bunduki mpya, risasi zaidi ya laki mbili, dawa na chakula. Kwa miezi kumi walizunguka Msumbiji ya kaskazini, wakafika Namacurra karibu na Quelimane mwanzoni mwa Julai 1918, wakarudi kaskazini ya Ruvuma mwishoni mwa Septemba. Walisalimisha silaha Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano.

Hapa pana ubishi wa kweli. Upande mmoja husema kwamba Ureno ndiyo iliyomrefushia Lettow-Vorbeck vita: bila ghala la Ngomano angesalimu amri kabla ya Krismasi ya 1917. Upande wa pili hujibu kwamba angevuka tu, Ureno iwe vitani isiwe; Maziúa ilishaonyesha mto haukumzuia mtu. Naona jibu la pili lina nguvu kuhusu kuvuka, na la kwanza lina nguvu kuhusu alichokikuta. Katika nchi isiyo vitani, kwa sheria, kikosi chake kingepaswa kunyang'anywa silaha na kuzuiliwa. Wareno wasingeweza kumlazimisha, lakini pia wasingekuwa wamelundika risasi mpakani kwa ajili ya mashambulizi yasiyowezekana.

Gharama kubwa zaidi haikuandikwa vizuri, kwa sababu waliolipa hawakuhesabiwa vizuri. Kampuni ya Niassa ilitawala kwa kodi ya nyumba na kazi za shuruti hata kabla ya vita. Sasa ilikuja zamu ya wapagazi: wanaume walikamatwa vijijini, wakabebeshwa masanduku, wakalishwa kidogo, wakafa barabarani. Kwa upande wa Uingereza, rekodi rasmi zina vifo vya zaidi ya wapagazi 40,000. Za Wareno zilitunzwa ovyo zaidi. Nyanda za juu za Wamakonde, ambazo Wareno walikuwa hawajawahi kuzitia mkononi, zilitekwa kwa nguvu mwaka 1917 kwa kisingizio cha kulinda mpaka. Machi 1917 watu wa Barue, kwenye bonde la Zambezi, waliasi kwa sababu ya kukamatwa vijana wao kuwa wapagazi na kufanyishwa kazi za barabara. Uasi huo ulizimwa kwa kuwatumia wapiganaji Wangoni walioruhusiwa kupora. Watu hawa hawakuwa na mwakilishi katika Bunge la Lisbon, na hakuna kambi, ya Costa wala ya Camacho, iliyowaweka katika hesabu.

Hesabu ya Lisbon

Huko Flanders, tarehe 9 Aprili 1918, mashambulizi makubwa ya Kijerumani kwenye mto Lys yaliivunja divisheni ya Ureno kwa saa chache. Karibu 7,000 walipotea, wengi wao kwa kutekwa. Walikuwa wamekaa mahandakini muda mrefu bila kubadilishwa, sehemu moja kwa sababu Uingereza ilikuwa imezielekeza meli zake kuwaleta Wamarekani.

Nyumbani vita vilikuwa vimeshaimeza siasa. Mei 1917 wananchi wa Lisbon walivunja maduka wakitafuta chakula, na serikali ikatangaza hali ya hatari. Desemba, Sidónio Pais, yule balozi wa Berlin, alipindua serikali ya Costa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 14 Desemba 1918, alipigwa risasi na kufa kwenye stesheni ya Rossio. Jamhuri iliendelea kuyumba chini ya madeni na mfumuko wa bei hadi wanajeshi walipoiangusha tarehe 28 Mei 1926, na njia hiyo ndiyo iliyomfikisha dikteta Salazar madarakani.

Faida? Makoloni yote yalibaki. Kionga ilirudi Ureno mwaka 1919. Mjumbe wake alikaa kwenye mkutano wa Paris, na kukawa na sehemu ya fidia kutoka Ujerumani. Ukilinganisha na Ubelgiji, iliyopata Rwanda na Burundi, au hata na Uholanzi, iliyobaki na makoloni yake yote bila kupigana, ni malipo madogo.

Kupima

Nikizitenganisha hatua tatu, hukumu hazifanani. Kuchukua meli kulikuwa na sababu nzuri, na pengine hakukukwepeka. Kupigana Ruvuma kulikuwa jambo la lazima kwa namna fulani, ila kulifanywa vibaya kuliko ilivyohitajika; ulinzi wa mto ungetosha, na Newala haikuwa na maana yoyote ya kijeshi kwa Lisbon. Kwenda Flanders lilikuwa chaguo la chama, lililolipiwa na taifa, na liliiua ile jamhuri lililokusudiwa kuiokoa. Kosa lililotangulia yote hayo ni miezi 19 ya kukaa bila jina, Agosti 1914 hadi Machi 1916. Ureno ingedai ushirika uandikwe wazi Agosti 1914, au ingejitenga wazi na kulipia ukali wa London, ingejua inadaiwa nini na inamdai nani.

Vita vya Pili vya Dunia vinaonyesha kipande kilichokosekana. Salazar alijitenga rasmi, akawauzia Waingereza na Wajerumani madini ya volframi, na mwaka 1943 akaipa Uingereza vituo vya kijeshi Azores kwa kutumia ushirika uleule wa kale. Kitendo hicho hakikuwa kidogo kuliko kukamata meli, lakini safari hii Berlin haikutangaza vita. Mwaka 1916 kuitangazia Ureno vita hakukuigharimu Ujerumani chochote. Mwaka 1943 ilikuwa imeshapoteza Afrika Kaskazini, na Ureno iliyokaa pembeni ilikuwa bado inaipatia madini. Kinga ya Salazar ilitokana na kuhitajiwa na pande zote mbili, na kuwa na subira ya kungoja hadi mmoja aelemewe.

Kinga hiyo nayo ilikuwa na mipaka ileile. Timor ya Mashariki, koloni la Ureno iliyojitenga, iliingiwa na wanajeshi wa Australia na Uholanzi Desemba 1941, kisha Wajapani wakaivamia Februari 1942 na kuikalia hadi mwisho wa vita. Watimor makumi ya maelfu walikufa, Lisbon ikiwa na amani na Tokyo.